Mgeni wa Siku ya Tatu: Kocha wa Kijijini na Utafiti wa Michezo

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa michezo wa shule zetu za msingi na sekondari, makocha wa timu za vijiji, manahodha, na ninyi wazazi mlioacha kahawa shambani ili mje kunisikiliza hapa Ukata, Mbinga:

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifikisha kwenye jambo ninalotaka kulisema leo.

Nilipokuwa kijana nikicheza beki ya kushoto, mwalimu wetu alikuwa na sheria mbili ambazo hakuna aliyethubutu kuzivunja. Kabla ya mechi tuliketi chini, tukanyoosha miguu, tukashika vidole na kuhesabu mpaka thelathini. Na katikati ya mazoezi hakuna kugusa maji. Anayekunywa maji, tuliambiwa, anajiharibia pumzi. Nilipokabidhiwa timu yangu nilizirithi sheria zote mbili kama mtu anavyorithi jembe la baba yake, bila kuuliza lilitoka wapi. Siku moja ya Oktoba tukateremka kwenda kucheza Mbamba Bay. Mnalijua joto la mwambao wa Ziwa Nyasa mwezi ule kabla mvua hazijafungua, na mnajua linavyomlemea kijana aliyezoea ubaridi wa milima ya Umatengo. Kipindi cha pili kiungo wangu alianza kuyumba, akaketi, akalala. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini ndoo ya maji ilikuwa hatua ishirini kutoka pale alipoangukia, na aliyemkataza kuisogelea nilikuwa mimi.

Baadaye nilihudhuria semina. Mtoa mada alikuja na habari iliyokuwa kinyume kabisa: mchezaji anywe maji mengi kadiri tumbo linavyoweza kuyabeba, tena anywe kwa kufuata saa, asingoje kiu. Alisema utafiti umethibitisha. Nikaandika, nikapigia mstari, nikarudi kuwalazimisha vijana kunywa. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba nilikuwa nimerudia kosa lilelile. Mara ya kwanza niliamini kwa sababu mwalimu kasema. Mara ya pili niliamini kwa sababu utafiti umesema. Mara zote mbili sikuuliza swali hata moja.

Yule mtoa mada hakuwa mwongo. Mwaka 1996 chama cha wataalamu wa tiba ya michezo cha Marekani, ACSM, kilitoa mwongozo uliomtaka mwanamichezo arudishe maji yote anayoyapoteza kwa jasho, au anywe kiwango kikubwa kabisa anachoweza kukistahimili. Mwongozo huo ukasambaa duniani, na walioufurahia zaidi ni wauzaji wa vinywaji vya chupa. Miaka michache baadaye, kwenye mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, mkimbiaji mmoja alifariki kwa sababu chumvi ya damu yake ilikuwa imezimuliwa na maji mengi mno. Katika mbio hizohizo madaktari walikuwa wakipima damu za wakimbiaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: kati ya wakimbiaji 488, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi kwenye damu, na watatu walikuwa kwenye hali ya hatari kabisa. Wengi wa walioathirika walikuwa watu waliotumia zaidi ya saa nne njiani, na waliofika mwisho wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Hebu lifikirieni hilo: mtu anakimbia kilomita 42 na anaongezeka uzito.

Wakati huohuo watafiti kutoka Uingereza walikwenda Bonde la Ufa nchini Kenya kupima wakimbiaji wa kiwango cha juu kabisa. Wakakuta watu wanaokunywa wanapoona kiu, maji ya kawaida na chai ya maziwa nyingi, na mazoezini karibu hawanywi kitu. Miili yao ilikuwa na maji ya kutosha siku baada ya siku. Mwaka 2007 ACSM yenyewe ikabadili mwongozo wake.

Sasa msitoke hapa mkasema: basi yule mwalimu wa zamani alikuwa sahihi, maji yafungiwe. Mkenya yule anakimbia asubuhi, kwenye baridi ya mita zaidi ya 2,000, kwa saa moja hivi, kisha anarudi kwenye birika la chai. Kiungo wangu alikuwa Mbamba Bay saa tisa alasiri, mwezi wa Oktoba. Utafiti wa Kenya ulinifundisha kwamba kiu ni mwalimu mzuri. Ila kiu haifundishi kitu pale ambapo kocha amesimama mbele ya ndoo.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya kwanza unampa kiti na maji ya kunawa, unamsikiliza. Siku ya pili unamuuliza ametoka wapi, kwa nani, kwa shida gani. Siku ya tatu mnakwenda naye shambani, na kule ndiko utamjua, kwa namna anavyolishika jembe kwenye udongo wako. Kila utafiti wa michezo unaofika Mbinga ni mgeni. Wapo kati yetu wanaomfukuza mlangoni kwa sababu kaja na Kiingereza. Wapo wanaomweka kitini mwaka mzima wakimlisha kwa sababu hiyohiyo. Nawaombeni tufanye walivyofanya wazee wetu.

Nawasemesha Wamatengo, watu ambao jambo hili la kupima kitu shambani wanalijua kuliko mimi. Hakuna aliyeshuka kutoka chuo kikuu kuja kuwafundisha babu na bibi zenu kilimo cha ngolo. Waliishi kwenye miteremko mikali, mvua ikishusha udongo bondeni, wakabuni wenyewe: majani yanafyekwa, yanalazwa kwa mistari inayokatana, udongo unafukuliwa katikati na kufunika majani, na mteremko mzima unabaki na mashimo kama sega la nyuki. Maji yanatulia shimoni, majani yanaoza chini ya tuta, maharage yanapandwa, kisha mahindi msimu unaofuata. Wanaume wanafyeka na kulaza majani, wanawake wanafukia. Baada ya vizazi vingi ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walipokuja na vipimo vyao kueleza kwa nini ngolo inaulinda udongo. Nayataja haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, ujuzi wa mtendaji unaweza kumtangulia mtafiti kwa miaka mia. Ya pili ndiyo ngumu zaidi: ngolo haikusimama kwa sababu ni ya wazee. Ilisimama kwa sababu mvua iliijaribu kila mwaka, na shamba lililokosewa liliporomoka mbele ya macho ya kila mtu. Desturi zetu nyingi za uwanjani hazijawahi kupimwa na mvua ya namna hiyo. Kijana akichanika msuli tunasema bahati mbaya, tunamchua, tunamwingiza mwingine.

Nichukue sasa mgeni mmoja ambaye, kwa kumtazama tu, ungedhani alizaliwa kwa ajili ya Mkoa wa Ruvuma.

Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Mexico City, mji ulio kwenye mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Kipchoge Keino wa Kenya, mtoto wa milimani, alimwacha mbali Jim Ryun wa Marekani kwenye mita 1,500. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda marathoni, na katika marathoni hiyohiyo John Stephen Akhwari wetu, misuli ikiwa imekaza na goti limeumia baada ya kuanguka, aliingia uwanjani wa mwisho, giza likiwa limeshatanda. Tangu mwaka ule wanasayansi hawakuacha kujiuliza mwinuko unaufanyia nini mwili wa mkimbiaji. Mwaka 1997 Wamarekani wawili, Benjamin Levine na James Stray-Gundersen, walichapisha jaribio lililopata umaarufu mkubwa. Walichukua wakimbiaji 39 wa vyuo wakawagawa makundi matatu. Kundi lililolala juu, kwenye mita 2,500, na kushuka kufanya mazoezi chini, kwenye mita 1,250, lilipunguza muda wake wa mita 5,000 kwa sekunde 13 hivi kwa wastani. Wengine hawakupata nafuu hiyo. Jina la njia hiyo likawa wimbo wa makocha: lala juu, kimbia chini.

Mtu wa Mbinga akisikia hivyo moyo unamruka. Juu tunako: mji wetu uko kwenye mita 1,300 hivi, na vilele vya Umatengo vinakaribia mita 2,000. Chini tunako: maji ya Ziwa Nyasa hayafiki mita 500, na siku hizi barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ni ya lami. Mwalimu mmoja wa riadha alinifuata na hesabu kamili. Wanariadha walale huku, wapakiwe kwenye gari asubuhi, wakakimbilie mchangani ziwani, jioni warudi. Alikuwa ameshatafuta mfadhili wa mafuta.

Tulikaa naye chini ya mwembe tukamhoji mgeni huyu. Swali la kwanza: walilala mita ngapi? 2,500. Kitanda chetu cha juu kabisa hakifiki hapo, na mwili hauanzi kutengeneza damu ya ziada kwa kuona mlima kwa mbali. Kwa namba za jaribio lile, mji wa Mbinga ndio ule uwanja wao wa chini. Swali la pili: walikuwa nani? Wanafunzi wa vyuo, wakazi wa tambarare. Wetu wamezaliwa mlimani. Swali la tatu, ambalo watu husahau: je, walijua wako kundi gani? Walijua. Aliyelala mlimani alijua analala mlimani na alitarajia kitu. Mwaka 2012 watafiti wa Ulaya walijaribu kuliziba pengo hilo. Waliwaweka waendesha baiskeli 16 kwa wiki nne kwenye vyumba ambavyo hewa yake inaweza kupunguzwa oksijeni, saa 16 kwa siku, na si wao wala waliowapima walioambiwa nani anavuta hewa ya mlimani. Faida haikuonekana. Watu 16 ni wachache, na baiskeli si miguu, kwa hiyo hata huyu wa pili nisingemwamini peke yake. Lakini ukiwaweka wageni hao wawili kitini pamoja, unaona kwamba pesa ya mafuta ya miezi mitatu ingemwagika kwa jambo ambalo wenyewe wenye maabara hawajaliafiki. Mwalimu yule aliitumia kununulia viatu.

Sasa nizungumzie mgeni aliyelishika jembe vizuri. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Shirikisho la soka duniani, FIFA, likishirikiana na watafiti wa Norway na wengine, lilitengeneza utaratibu wa kupasha mwili uitwao 11+. Unachukua dakika 20. Sehemu ya kwanza ni kukimbia polepole mkiwa wawili wawili, mkizungusha nyonga na kugusana mabega, dakika nane. Ya pili, dakika kumi, ni ya nguvu na mizani: kujiinua kwa viwiko mwili ukiwa umenyooka kama ubao, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo bila kugongana. Ya tatu ni kukimbia kwa kasi na kukata kona, dakika mbili. Unahitaji mpira na nafasi, basi. Shule zetu zilizolelewa na mchakamchaka wa asubuhi zina sehemu ya kwanza tayari.

Jaribio lake kubwa la kwanza lilichapishwa mwaka 2008, kutoka Norway, kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17. Klabu ziligawanywa kwa kura. Hapa msomaji anayetaka ushindi wa haraka huteleza. Jambo kuu lililokuwa likipimwa, majeraha ya miguu kwa jumla, lilipungua, lakini si kwa kiasi cha kuwafanya watafiti waseme kwa uhakika kwamba haikuwa bahati. Kilichopungua wazi ni majeraha mabaya, yale ya kumweka mtu nje kwa wiki nyingi: yalikaribia kuwa nusu. Mtafiti anayekwambia yote mawili, lililomnyookea na lisilomnyookea, ni mtu wa kumpa kiti.

Bado nilisema moyoni: Norway! Nyasi za bandia, viatu vipya, daktari pembeni. Ndipo nikapata habari za Lagos. Mtaalamu wa tiba ya viungo wa Nigeria, Oluwatoyosi Owoeye, na wenzake walichukua timu zote 20 za ligi ya vijana ya Lagos, wavulana 416 wa miaka 14 hadi 19. Wakagawa timu kwa kura: wachezaji 212 wafanye 11+, wengine 204 wapashe kama walivyozoea. Wakawafuatilia miezi sita. Waliofanya 11+ waliumia 36. Wasiofanya waliumia 68. Kwa hesabu ya watafiti, kiwango cha majeraha kilishuka kwa asilimia 41. Utafiti ulichapishwa mwaka 2014, na nilipousoma ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona ndani ya jarida la kisayansi wachezaji wanaofanana na wangu.

Nimesema wanafanana, sikusema ni wale wale. Siku ya tatu tulipompeleka mgeni huyu uwanjani, udongo wetu ulimwambia mambo ambayo Lagos haikumwambia. Viwanja vyetu vina mteremko, na kijana anayetua kwa mguu mmoja upande wa bondeni anajaribiwa enka kuliko goti. Kwa hiyo zoezi la kusimama mguu mmoja tunalifanya mara mbili, tukiutazama mlima na tukiupa mgongo. Wengi wanafanya mazoezi pekupeku, hivyo kuruka tunakufanyia pale penye majani. Wakati wa masika, kujilaza kwa viwiko matopeni kunawakera vijana wanaofua jezi wenyewe, nasi tumekuhamishia kwenye veranda ya darasa kabla ya kutoka. Dakika 20 ni nyingi kwa timu inayoanza mazoezi saa kumi na moja jioni baada ya vibarua vya kahawa, jua likiwa linazama saa kumi na mbili na kitu. Hilo bado linatusumbua. Siwezi kuwaambia tumelimaliza.

Katikati ya sehemu ile ya pili ya 11+ kuna zoezi ambalo lina kisa chake. Unapiga magoti, mwenzako anakukandamiza vifundo vya miguu chini, nawe unajiachia mbele polepole, mwili umenyooka, ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka mikono iguse ardhi. Watu wa Denmark walilijaribu kwa timu 50, wachezaji 942, wakachapisha mwaka 2011. Upande uliolifanya ulipata majeraha 15 ya misuli ile, upande mwingine 52. Ni nadra sana kwenye sayansi ya michezo kuona tofauti ya namna hiyo, kwa zoezi lisilogharimu hata shilingi.

Basi mwaka 2015 watafiti watatu, Bahr, Thorborg na Ekstrand, walikwenda kuziuliza klabu 50, zikiwemo za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, zenye madaktari na mashine za kila aina: je, mnalifanya? Katika misimu 150 ya klabu waliyoihesabu, ni 16 tu ambayo zoezi lilifanywa kama lilivyoelekezwa. Misimu 125 ilihesabiwa kuwa haikulifuata zoezi hilo.

Mimi kisa hiki sikichukulii kama cha kuwacheka matajiri. Kinanihuzunisha, kwa sababu najiona ndani yake. Kujua na kutenda ni vijiji viwili, na mto ulio katikati una mamba. Zoezi lile linauma. Wiki mbili za kwanza mchezaji anaamka mapaja yamekaza, na kocha mwenye mechi Jumamosi anaogopa. Nyota wa timu hataki, na asipotaka yeye wadogo hawataki. Kocha mkuu hakulifanya enzi zake na hakuumia. Sababu hizi zote ninazo hapa Umatengo, bila kuwa na pesa zao. Tulichojifunza ni kuanza kidogo mno: mara tano siku ya kwanza, mara moja kwa wiki, kamwe si siku mbili kabla ya mechi, na nahodha ndiye wa kwanza kupiga magoti. Mtafiti hakuyaandika hayo. Haya ni ya mtendaji, na bila yake karatasi ya Denmark ingebaki kuwa karatasi.

Kuna uchunguzi uliofanywa Canada kuhusu makocha wa kiwango cha juu: mapya wanayapata wapi? Jibu lilikuwa kwa makocha wenzao na kwenye mikutano yao. Wanasayansi na machapisho yao walikuwa mkiani. Kama ni hivyo kwa mtu mwenye maktaba na Kiingereza cha kuzaliwa nacho, itakuwaje kwa mwalimu wa kata? Kwa hiyo tusione haya kwamba sisi tunajifunza kwa mazungumzo, kwenye bodaboda, kwenye mapumziko ya mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA. Hiyo ndiyo njia ya dunia nzima. Ninachoomba ni kwamba anayeleta habari aseme alikoipata, na anayepokea aulize.

Na kuna swali moja nawasihi mlikazie hasa ninyi mnaofundisha wasichana. Mwaka 2021 watafiti walihesabu machapisho zaidi ya 5,000 ya sayansi ya michezo yaliyotoka kati ya 2014 na 2020. Yaliyohusu wanawake peke yao yalikuwa asilimia 6. Kati ya watu wote waliopimwa, wanawake walikuwa asilimia 34. Maana yake, mtu akikwambia mwanamichezo anahitaji hiki na kile, mara nyingi anazungumzia mwanamume. Mwalimu wa netiboli anapoletewa ratiba ya mazoezi ana haki kamili ya kuuliza: hapa wasichana wapo? Na kule ziwani, Lituhi, Liuli, Mbamba Bay, yapo mambo ambayo utafiti wa Ulaya hautayafikiria kabisa. Kichocho kinaishi kwenye maji tunamooga na kuvulia usipa. Malaria haijaondoka. Binti mwenye kichocho na upungufu wa damu atachoka dakika ya ishirini, na ratiba nzuri kuliko zote duniani haitamsaidia. Nimesikia makocha wakimwita mvivu mchezaji wa namna hiyo. Kabla ya kumwongezea mbio, mpelekeni zahanati.

Mtaniuliza: sisi bila maabara tutapima nini? Carl Foster wa Marekani, mtu mwenye maabara, alipendekeza kipimo ambacho hakihitaji chochote. Nusu saa baada ya mazoezi unamuuliza mchezaji: kwa kipimo cha sifuri mpaka kumi, leo ilikuwa nzito kiasi gani? Unazidisha kwa dakika. Akisema sita na mlifanya dakika 90, ni 540. Unaandika. Baada ya mwezi utaona wiki zilizopanda ghafla, na utaona nani aliumia baada yake. Mimi ninayo madaftari manne. La kwanza lilinionyesha kitu kilichoniuma: wiki ninazowachosha zaidi vijana ni zile zinazofuata kufungwa. Nilikuwa nawaadhibu, nikiita mazoezi.

Kuhusu ile sheria nyingine ya mwalimu wangu, kukaa na kushika vidole: jeshi la Australia liliwajaribu makuruta 1,538 kwa wiki 12, nusu wakinyoosha misuli kabla ya mazoezi na nusu hawanyooshi. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Majeraha yalikuwa karibu sawa. Mimi nimeuacha mtindo ule kabla ya mechi. Mwenye kuupenda baada ya mazoezi simzuii.

Nimalizie na kazi iliyotuleta. Hapa kuna timu nane za kata hii na jirani zake, sita za wavulana na mbili za wasichana. Makocha wao wamekubali kwamba msimu huu nusu yao watafanya ule utaratibu wa Lagos mara mbili kwa wiki, na nusu watapasha kama wanavyopasha sasa. Msimu ujao watabadilishana, asionewe mtu. Timu nane ni chache, na tutakachokipata hakitaithibitishia dunia kitu. Kitatuambia kama veranda inatosha, kama dakika 20 zinapatikana kabla ya giza, na wapi mteremko unatuvunjia enka. Jeraha tumelikubali kuwa ni lile linalomkosesha mchezaji mazoezi au mechi walau siku moja. Daftari lina safu nne: tarehe, jina, sehemu iliyoumia, siku alizokosa. Mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, ambaye hana timu na kwa hiyo hana upande, atakusanya madaftari yote kila mwisho wa mwezi.

Mnanitazama mkisubiri niseme nani ataanza. Sitasema, kwa sababu nikichagua mimi nitawapa 11+ wale ninaojua wana nidhamu, halafu tutaisifu 11+ kwa nidhamu yao. Vikaratasi viko kwenye sufuria hii, vimekunjwa. Timu mbili za wasichana zitapigiwa kura yao peke yao, moja kila upande. Tukishamaliza maswali, kila nahodha aje achukue kimoja.